Diski Ndani ya Kitambaa

Pap.

Sauti moja tu, ndogo, kama ganda la mbarika linapopasuka juani. Tusekile anaikumbuka kuliko honi zote za malori yaliyopita Mlowo siku ile. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi, feni ikanyamaza, na harufu ya plastiki iliyoungua ikapanda kutoka chini ya kitambaa.

Ilikuwa Alhamisi alasiri, mwezi wa saba, mwaka 2010. Ndani ya mashine ile mlikuwa na mtihani wa kidato cha nne wa ujirani mwema, masomo tisa, wa shule saba zilizokubaliana kupimana kabla ya mtihani wa taifa. Ungeanza Jumatatu asubuhi. Nakala nyingine haikuwapo popote.

Mtu angeuliza, mpiga chapa aliyeifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita anakosaje nakala? Jibu ni kwamba hivyo ndivyo alivyotaka mwenyewe.

Tusekile ni mzaliwa wa Isongole, kule Ileje, ambako jogoo wa Malawi huwaamsha watu wa Tanzania. Alijifunza kupiga chapa Mbeya mjini, kwa mwalimu aliyewafunika wanafunzi vidole kwa kitambaa ili macho yasiwasaidie. "Mpiga chapa mwema hasomi," mwalimu huyo alikuwa akiwaambia. "Vidole vinasoma, kichwa kinasahau." Akaajiriwa na chama cha ushirika cha kahawa. Ilipofika miaka ile ambayo kila mnunuzi alikuja na mizani yake, ushirika ukayumba, watu wakapunguzwa, naye akatoka na mashine ya kupigia chapa badala ya kiinua mgongo. Akaiweka barazani Mlowo, kando ya barabara kuu, mumewe akabaki na mibuni Itaka.

Pale barazani alipiga barua za talaka na za kugombea mashamba. Alipiga barua za wasichana kwa wavulana waliovuka kwenda Zambia wakasahau kurudi. Alijua mimba ya nani ilikuwa ya nani. Hakuna neno lililomtoka. Watu wakamwita Mama Kufuli, mwanzoni kwa dhihaka, maana umbea hata wa kisimani hakuwa nao, baadaye kwa heshima. Kibaraza kikawa chumba, mashine ya chapa ikawa kompyuta iliyokwishatumika, na shule zikaanza kumletea mitihani.

Mitihani ilikuwa na taratibu yake. Mwalimu Efraimu, msimamizi wa ujirani mwema, alileta maswali yaliyoandikwa kwa mkono katika bahasha zilizofungwa. Tusekile alifunga pazia, akapiga chapa. Mwalimu akasoma kwenye kioo, akasahihisha. Kisha wawili hao walitoka uani na kuyachoma yale maandishi ndani ya kopo la rangi, wakisimama mpaka karatasi ya mwisho iwe majivu. Na flashi haikuingia katika mashine ile kamwe. Miaka miwili nyuma mtihani wa kundi jingine la shule ulivuja kwa njia ya flashi. Ukafutwa, na mama aliyeupiga akafunga duka, akahama bila kuaga. Tusekile alipita mbele ya mlango ule uliofungwa kila alipokwenda sokoni.

Tena kulikuwa na Blessing, binti yake, mwanafunzi wa kidato cha nne katika mojawapo ya shule hizo saba.

"Nikupe kazi mwaka huu au nisikupe?" Mwalimu Efraimu alimwuliza.

"Wewe unaonaje, mwalimu?"

"Naona sina mwingine."

Blessing alikuwa mzuri wa Kiswahili na Historia, lakini Hesabu zilimliza kweli, kwa machozi. Hata hivyo hakuwahi kupita lile pazia. Alichofanya, wakati wa likizo, ni kumfumia mama yake kitambaa cheupe chenye ukingo wa maua mekundu. Kwao Mbozi kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, kochi lina vitatu. Blessing alikitandaza juu ya sipiyu, kama watu wanavyoliita boksi lote la kompyuta, kikaning'inia mbele na nyuma kama shela la bibi harusi. Na pale ndipo harufu ya kuungua ilipotokea.

Kwa hiyo maandishi yalikuwa majivu, na maswali yote yalikuwa ndani ya diski moja, ndani ya mashine iliyokufa. Yakipotea, shule saba hazina mtihani. Yakionekana na jicho lisilohusika, shule saba hazina mtihani, na Mama Kufuli hana jina.

Ijumaa kabla ya jua kutoka, Tusekile alipanda mbele ya lori la mahindi, sipiyu mapajani, ameifunga kwa kitenge. Mwalimu Efraimu alipiga simu kabla hawajafika Vwawa.

"Mama, diski isitoke machoni pako."

"Haitatoka."

"Wakuu wa shule wakiniuliza je?"

"Waambie Mama Kufuli amepeleka mgonjwa kwa mganga."

"Mama, mimi sicheki."

"Nami sicheki, mwalimu."

Karakana ya fundi Hezron ilikuwa Tunduma, nyuma ya msururu wa malori yanayosubiri kuvuka. Chumba kimoja, meza mbili. Ya kwanza ya Hezron na kompyuta zake. Ya pili ya Jofrey, fundi wa simu, ambaye pia aliwaingizia watu nyimbo.

"Shikamoo, mama," alisema Hezron. "Umebeba mtoto au mashine?"

"Marahaba. Leo vyote ni kimoja."

"Bamayo!" Jofrey alidakia, kama wanavyomwita mama kule Zambia. "Mtoto mwenyewe mbona hapumui?"

Hezron alifungua boksi, akapuliza vumbi, akainama na tochi.

"Njoo uone. Hivi vikopo vidogo vilivyosimama juu ya madabodi, hili bao kubwa, vinatakiwa viwe bapa kichwani. Vyako vimevimba kama maandazi. Hiki hapa kimepasuka." Akavuta kitu kutoka kwenye matundu ya nyuma. "Na huu nini? Uzi mwekundu?"

"Wa kitambaa."

"Ulikuwa unaifunika inapofanya kazi?"

"Vumbi la barabarani, fundi."

"Mama, hii kitu inahema kama sisi. Umeivalisha sweta, ukaiziba na pua, halafu ukaiambia ikimbie. Imekufa kwa joto."

Jofrey alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Tusekile hakucheka. Alimfikiria Blessing na sindano yake ya kufumia, jioni zote zile za likizo, akaapa moyoni kwamba mtoto huyo hatajua.

"Inatengenezeka?"

"Madabodi kama hii haipatikani tena," Hezron alisema. "Nikiweka mpya, prosesa yako ya zamani haiingii. Nikiweka prosesa mpya, ramu yako haiingii. Na pawa saplai hii haitaziweza. Kwa hiyo moyo, kichwa na tumbo, vyote vipya. Kitakachobaki ni boksi na diski."

"Diski ibaki."

"Itabaki. Niachie, uje kesho."

"Nitakaa hapa."

"Ni kazi ya kutwa nzima."

"Nimekuja na chupa ya chai."

Vipuri vilikuwa Nakonde, upande wa pili wa mpaka. Hezron alipochukua kofia yake, Tusekile alinyanyuka.

"Kabla hujaenda, ning'olee hiyo diski."

"Ya nini?"

"Niishike mwenyewe."

Hezron alimtazama, akaing'oa. "Usiiangushe. Hii ikianguka hakuna fundi hapa Tunduma wala Lusaka atakayekusaidia."

Diski ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na ya baridi. Aliizungushia kile kitambaa cha Blessing mara tatu, akaifunga tumboni kwa kitenge, akaketi mikono miwili juu yake. Akawa kama mama anayesikilizia mtoto aliyeacha kucheza tumboni.

Sasa walibaki wawili chumbani. Jofrey alikuwa akichokonoa simu iliyotumbukia majini.

"Mama, wewe ni wa Mlowo?"

"Ndiyo."

"Si wewe ndiye wanayemwita Mama Kufuli?"

"Mlowo ina watu wengi."

"Nina mdogo wangu kidato cha nne. Anasema Jumatatu wana ujirani mwema." Jofrey hakuinua macho. "Wanasema unaupiga wewe."

"Wanasema mengi."

"Basi nitajie mada moja. Moja tu ya Hesabu. Sitamwambia mtu kanitajia nani."

"Kijana, simu ya mwenzako imekushinda tangu asubuhi, unataka na Hesabu?"

Jofrey alicheka, lakini jicho lake lilishuka hadi kwenye uvimbe wa kitenge, likakaa pale. Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa: "Mimi niliishia la saba, mama. Baba alikuwa na ng'ombe kule Momba, wakafa. Yule ndiye peke yake tuliyempeleka mbele. Sikuombi kwa ubaya."

"Najua," Tusekile alisema. Na hilo lilimwuma kuliko dhihaka, kwa sababu alijua kweli. Nyumbani kwake mwenyewe kulikuwa na mtoto wa namna hiyo hiyo, na kitabu cha Hesabu kilicholowa machozi.

Hezron alirudi saa sita na mfuko mweusi. Alifanya kazi taratibu, kama mtu anayemtoa samaki miiba. Aliketisha prosesa mahali pake, akaipaka dawa nyeupe ya kupitisha joto, akakaza feni juu yake, akabana ramu mpaka zikalia ka, ka. Akafunga madabodi kwenye boksi. Akawasha.

Feni ilizunguka nusu, ikasimama.

Akazima, akawasha. Nusu, ikasimama. Mara ya tatu, hivyo hivyo. Jasho lilimtoka Hezron puani. Tusekile alibana tumbo lake kwa nguvu hata pembe ya diski ikamchoma.

"Umeuziwa mbovu," Jofrey alisema.

"Nyamaza." Hezron aliitoa madabodi yote tena, akaigeuza, akapapasa sakafu ya boksi kwa kidole. "Huu hapa. Msumari wa kushikilia madabodi ya zamani. Mpya haina tundu mahali hapa, kwa hiyo ulikuwa unaigusa mgongoni na kupiga shoti." Akaung'oa. Akafunga upya. Akawasha.

Feni ikazunguka, ikaendelea kuzunguka. Ilikuwa na sauti ndogo kama pumzi ya mtu aliyelala.

"Nipe mtoto wako, mama."

Tusekile alifungua kitenge, akafungua kitambaa. Diski ilikuwa na joto la mwili wake. Hezron aliichomeka. Kioo kikaandika maandishi, kikawa buluu ghafla, kikazima, kikaanza upya. Buluu tena. Tena.

"Nilijua," Hezron alisema. "Windows yako ilizoea nyumba ya zamani. Umeiamsha katika nyumba ya watu, haijui mlango uko wapi." Akachukua sidii, akaisukuma ndani. "Si tatizo. Nafuta, napiga Windows mpya. Dakika arobaini unakwenda zako."

Kioo kikauliza swali lake. Kidole cha Hezron kikaelekea kwenye kitufe.

"Na vilivyomo?"

"Vinafutika. Vya maana si una kwenye flashi?"

Mkono wa Tusekile ulifika kabla ya sauti yake. Alimshika fundi kifundo cha mkono, akakivuta nyuma, chupa ya chai ikaanguka chini.

"Usibonyeze!"

Hezron aliutazama ule mkono uliomshika, mpaka Tusekile akamwachia.

"Sawa," alisema polepole. "Hakuna haja ya kupigana. Naichomeka kwenye mashine yangu, nahamisha vitu vyako kwangu, napiga Windows, navirudisha."

Tusekile aliitazama mashine ya fundi. Waya ulitoka mgongoni mwake, ukapita sakafuni, ukapanda meza ya Jofrey, kule zilikotoka nyimbo za watu. Kila kilichoingia huku kingeweza kuonekana kule.

"Hapana."

"Hapana nini? Mama, humu ndani kuna nini?"

Kumwambia ni mtihani ilikuwa sawa na kufungua nusu ya bahasha. "Kazi za watu," alisema.

"Unaniona mwizi?"

"Sijasema hivyo, mwanangu."

"Umekaa hapa tangu asubuhi unalinda kitu tumboni kama vile mimi nitakupora. Umenishika mkono kama kibaka. Miaka minane niko hapa, watu wa forodha wananiachia mashine zao na kwenda zao." Aliweka bisibisi mezani. "Chukua kitu chako, mama. Kuna mafundi wengine."

Simu ya Tusekile ililia. Mwalimu Efraimu. Hakuipokea. Ilikuwa saa nane na nusu, na fundi mwingine wa maana alikuwa Mbeya, na Mbeya ilikuwa mbali.

Hakuchukua chochote. Alisimama akalitazama lile boksi lililo wazi, kama alivyokuwa akiitazama mashine ya chapa kila ilipogoma, akifuata chuma baada ya chuma. Kutoka kwenye madabodi ulitoka waya mpana, bapa kama utepe, ukaingia kwenye diski yake. Lakini katikati ya utepe ule kulikuwa na kichwa kingine, kikining'inia bila kazi.

"Hiki cha pili kinangoja nini?"

Hezron alijibu bila kumtazama. "Cha diski ya pili. Kama ipo."

"Basi iwepo. Weka nyingine tupu, hiyo uipigie Windows yako. Yangu ikae nyuma yake, isifutwe, isihamishwe. Isitoke ndani ya boksi langu."

Hezron alikuna kichwa chini ya kofia. Akakuna tena.

"Ulisema hujui kompyuta."

"Sijui. Najua waya usio na kazi."

Jofrey alipiga mluzi. "Umeshikwa, kaka."

Hezron alitoa diski iliyotumika kabatini, akahamisha kibano chake kidogo cha mgongoni ili mashine ijue ipi inatangulia na ipi inafuata, akaichomeka mbele ya ile ya Tusekile. Dakika arobaini zikawa sitini. Kila umeme ulipoyumba, taa ikififia na kurudi, wote watatu waliinua macho darini kwa pamoja, kama kuku wanaosikia mwewe.

Mwishowe kioo kikatulia. Hezron akasogeza kiti nyuma.

"Diski yako ile pale. Fungua uone kama vitu vyako vipo. Nisije nikaambiwa nimepoteza."

Tusekile aliketi. Akaweka mkono juu ya kipanya, akauondoa.

"Geukeni."

"Nini?"

"Geukieni ukutani, wanangu. Wote wawili."

"Mimi nina kazi hapa!" Jofrey alisema.

Hezron alimtazama mama huyu usoni, akatazama kitambaa kilicholala mezani, akatazama tena uso. Kitu kikapita machoni mwake, hasira ikaondoka nacho. Akasimama, akageukia kalenda ya ukutani.

"Geuka, Jofrey."

"Kwa nini, kaka?"

"Geuka bwana. Mama anavaa."

Jofrey alicheka, kisha kicheko kikaishia njiani. Naye akageuka. Migongo miwili, mmoja mpana na mmoja mwembamba, ikasimama mbele ya kalenda.

Mafaili yalikuwa tisa. Tusekile aliyafungua moja moja, akashuka hadi ukurasa wa mwisho wa kila moja. La Hesabu alilifungua mwisho. Swali la kwanza lilikuwapo, na la pili, hadi la kumi na sita. Vidole vinasoma, kichwa kinasahau, mwalimu wa Mbeya alisema. Haikuwa kweli. Kichwa chake hakikuwa kimesahau hata swali moja.

Akafunga. "Asanteni. Mmenisitiri."

Alipokuwa akifunga kitenge, Jofrey alimshikia sipiyu upande mmoja, akamsaidia kuibeba hadi barabarani. Hakumwuliza kitu tena.

Jumamosi asubuhi karatasi zilichapwa, pazia limefungwa. Mwalimu Efraimu aligandisha bahasha, akatia sahihi juu ya kila mdomo, akaondoka nazo kwa pikipiki ya shule. Saa nane Tusekile alifungua pazia.

Blessing aliingia na kitabu kifuani. Aliiona sipiyu ikiwa wazi, akakiona kitambaa chake kimefuliwa, akakichukua ili akitandaze.

"Acha, mwanangu. Iache ipumue."

"Kitambaa kimefanya nini, mama?"

"Hakijafanya kitu. Ni kizuri mno kwa mashine. Weka kwenye kiti changu."

Blessing alikiweka mgongoni mwa kiti, akanyoosha ukingo wenye maua. Lakini hakuondoka. Alisimama mlangoni, akikunja na kukunjua pembe ya kitabu. Wiki zote zile hakuuliza, wala miaka ya nyuma.

"Mama."

"Ee."

"Hesabu zimenishinda. Nimebakiwa na leo na kesho tu." Akameza mate. "Nisome mada zipi?"

Neno moja lingetosha, na ndani ya duka hapakuwa na mwingine wa kulisikia. Juu ya mapaja yake, chini ya meza, vidole vya Tusekile vilianza kutembea vyenyewe, herufi baada ya herufi, mpaka akavikunja, akavifumbata.

Alimtazama mtoto wake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo kuliko ya ile feni mpya:

"Soma zote, mwanangu. Zote."